Mlalamikaji asihamishwe, ahamishwe mtuhumiwa

Mhariri,

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana nao. Hata hivyo, mwaka 2023 uchunguzi wa BBC katika mashamba ya chai ya Kericho uliwasikiza wanawake wakieleza jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ili wapate kazi.

Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mwanamke akimkatalia nyapara, kesho yake aweza kupangiwa sehemu yenye majani haba, na hakuna karatasi itakayoonyesha kwamba ameadhibiwa. Kumwambia apeleke malalamiko kwa nyapara yuyo huyo ni kumziba mdomo. Malalamiko yapokewe na kamati yenye wanawake waliochaguliwa na wenzao, na uchunguzi unapoendelea aondolewe mtuhumiwa kwenye kikosi, si mlalamikaji. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo hupigania nyongeza ya mshahara bila kuchoka (na ni haki yao), viyaingize masharti haya katika mkataba ujao wa pamoja na waajiri.

Msomaji,
Kericho