Meno ya sokwe si tabasamu

Mhariri,

Mtu aweza kupenda wanyama tangu utotoni na bado asijue kuusoma uso wa mnyama. Vijana wa Nakuru wanaorekodi wanariadha wakiwa na mbwa au nyani wazingatie hilo.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Glenn Morris, bingwa wa dekathloni (riadha ya michezo kumi) katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 kwa pointi 7,900, aliigiza Tarzan, shujaa wa filamu aliyelelewa na nyani porini, mara moja tu, mwaka 1938, pamoja na Eleanor Holm, mwogeleaji aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1932. Johnny Weissmuller, naye mwogeleaji wa Olimpiki, ndiye aliyedumu kama Tarzan. Katika filamu zake, tembo wa Asia walibandikwa masikio makubwa ya bandia ili waonekane wa Afrika! Masokwe nao walikuwa wachanga, kwa sababu aliyekomaa humshinda mtu nguvu. Na sokwe anayevuta midomo nyuma akaonyesha meno ya juu na ya chini hacheki, ameogopa. Akicheza, hulegeza kinywa na meno ya juu hufichika.

Kwa mbwa, kwanza dai kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopita mwaka. Siku moja kabla, weka kamera chini, imezimwa, ainuse. Rekodi kabla ya saa nne asubuhi. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Dakika tano za kazi, kisha kivuli na maji.

Kosa kubwa ni mwanariadha kuchomoka mbio mbele ya mbwa. Mbwa hukimbiza kinachokimbia, na kisigino ndicho kilicho karibu. Mwenye mbwa asimame nyuma ya kamera na vipande vidogo vya nyama, amwite, naye mwanariadha akimbie sambamba, hatua tatu kando. Mbwa akilamba midomo bila chakula, akigeuza uso au kuonyesha weupe wa macho, zima kamera.

Nyani mwacheni. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na yule anayepiga miayo huku akikukodolea macho anakuonyesha chonge. Msimpe ndizi ili asogee: kesho atampokonya mtoto wa shule mkate.

Wafunza mbwa,
Nakuru