Barua kuhusu mtambo wangu wa muziki nyumbani

Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Umeniuliza ni kwa mtambo gani nasikiliza muziki nikiwa kwangu, mimi ninayeshinda studio, na wewe uanzie wapi kwa akiba uliyonayo. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimeona wengi wakimaliza fedha zao mahali pasipostahili.

Muziki wangu unakaa kwenye diski iliyochomekwa kwenye Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kiganjani. Humo nimehifadhi CD zangu zote katika mfumo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chembe yoyote ya sauti. Simu kazi yake ni kuchagua wimbo tu. Sauti yenyewe haipiti kwenye simu wala kwenye Bluetooth, ambayo kwa kawaida huubana muziki upya. Kutoka kwenye kikompyuta, muziki ukiwa bado katika umbo la namba, namba hizo huingia katika kifaa kinachozigeuza kuwa umeme wa sauti, kile mafundi wanachokiita DAC, kisha umeme huo unafika kwenye spika mbili zenye amplifaya ndani yake. Intaneti ikikatika, wimbo unaendelea.

Hayo yote, hata hivyo, ni nusu ndogo ya kazi. Sebule yangu ina kuta za saruji na sakafu ya vigae, na siku niliyohamia nilipiga kofi moja katikati ya chumba kitupu nikasikia mlio mkali ukirukaruka kati ya kuta mbili kama waya uliovutwa ukaachiwa. Katika chumba cha namna hiyo hakuna spika, hata iwe ya bei gani, itakayosema kweli. Nikatandika zulia nene, nikatundika mapazia mazito, nikasogeza kabati la vitabu kwenye ukuta wa nyuma, na spika nikazitoa kwenye kona, maana kona huvimbisha besi. Nafasi kati ya spika na spika nikailinganisha na umbali wa kila moja hadi kichwani mwangu.

Usiku ule niliweka rekodi ya zamani ya muziki wa dansi ninayoijua kwa moyo. Ni ya mono, yaani spika zote mbili hutoa sauti ileile, kwa hiyo sauti yote inapaswa kusimama katikati ya spika mbili kama mtu aliyesimama mlangoni. Ikielemea upande, ujue hujazipanga sawa. Ilisimama. Gitaa la rithim, ambalo miaka yote nililisikia likiwa limezama ndani ya besi, lilitoka likitembea peke yake, hata kidole kikiteleza kwenye uzi nilikisikia. Nilikaa kimya muda mrefu, ndugu yangu.

Mvumo nao ulinisumbua wiki nzima, ule wa chini kabisa unaotokana na umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Nilichomoa kifaa kimoja baada ya kingine hadi nilipofika kwenye waya wa antena ya televisheni, ukanyamaza. Televisheni na spika zilikuwa zimeungana ardhini kwa njia mbili. Nikaiunganisha televisheni na DAC kwa waya wa nuru, usiopitisha umeme, na mvumo haujarudi.

Kuhusu huduma za kutiririsha muziki kwa intaneti, hesabu bando lako kwanza. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 144 kwa saa, wakati muziki wa FLAC wa kiwango cha CD unaweza kufika MB 400 au zaidi. Ukitaka kulinganisha huduma mbili, sawazisha kiwango cha sauti kabla ya kutoa hukumu, kwani sikio hudhani kilicho juu kidogo ndicho kizuri. Mimi mwenyewe, kwa kusikiliza wakati napika, kilobiti 320 zinanitosha kabisa.

Kwa hiyo usinunue DAC ya gharama. Fedha iende kwenye spika nzuri, hata zilizotumika, na kwenye zulia. Nitumie vipimo vya sebule yako, urefu, upana na kimo, uniambie na ukuta wenye dirisha ni upi, nami nitakuchorea mahali pa kuweka spika kabla hujaenda dukani.

Wasalaam,
Nduguyo