Bunduki ya kwanza isiwe ya kujipakia yenyewe

Mhariri,

Wengi wanaotaka bunduki ya kwanza hapa Mwanza huulizia nusu-otomatiki, ile inayojipakia risasi kila ukifyatua. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, yaani makubaliano ya nchi za ukanda wetu kuhusu silaha ndogo, ambayo Tanzania iliitia saini, inataka raia wasimiliki bunduki ndefu (raifo) za aina hiyo. Kwa hiyo usitoe hata kishika uchumba kabla polisi hawajakueleza kibali chako kitaruhusu silaha ipi.

Hata sheria ikiwekwa kando, kwa anayeanza ningechagua ya kukoki kwa mkono, yaani unavuta komeo mwenyewe kabla ya kila risasi. Nusu-otomatiki ina hila: ukichomoa magazini, yaani kasha la risasi, risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na hapo ndipo watu huumizana. Mtutu ukielekea pasipo na mtu, chomoa magazini kwanza, koki, kisha tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Ukianza kukoki kabla ya kuchomoa, unapakia nyingine.

Ukikagua iliyotumika, ikiwa tupu na wazi, mulika tochi ndani ya mtutu. Kivuli cha duara humaanisha mtutu umevimba. Iache, hata wakikupa bure.

Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi au turubai, maana unyevu wa ziwa hunaswa humo na kutu huanza. Pangusa kwa mafuta mepesi, kidogo tu. Yakizidi hushika vumbi.

Na mawe yetu haya! Risasi ndogo ya .22 (kipenyo chake kwa inchi) hufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au maji hudunda. Kulenga ziwani ni kulenga mitumbwi.

Msomaji,
Nyegezi, Mwanza