Kigimbi kikibana njiani, usiache kutembea

Wateja wetu wa Mabatini, Igogo na Isamilo hapa Mwanza huja na maelezo yanayofanana: "Nikipandisha kwenda nyumbani kigimbi kinabana, nikisimama dakika chache kinaachia." Wengi husingizia uzee. Mara nyingi, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari, tatizo ni ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, zilizosinyaa kwa mafuta. Misuli inapopanda mlima hudai damu nyingi, na damu haifiki ya kutosha.

Hatuanzi mazoezi kabla ya kupima. Tunalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya mguu ukiigawa kwa ya mkono ukapata 0.90 au pungufu, mishipa ina shida. Mwenye kisukari tunamtilia shaka hata namba ikiwa nzuri, kwani ateri zake zinaweza kuwa zimekakamaa zikadanganya kipimo.

Swali tunaloulizwa sana: kutembea huku naumia, si najiumiza zaidi? Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mguu uliokosa damu ukiipata tena, kemikali za mchochota (zile zinazoleta uvimbe na maumivu mwilini) hupanda kwa muda, na mtu akijaribu siku moja tu anaweza kuona bora angekaa. Ila mazoezi ya wiki nyingi huelekea upande mwingine: mishipa hutanuka vizuri zaidi, misuli hujifunza kutumia vyema oksijeni kidogo inayopata, na kwa baadhi ya watu vipimo vya mchochota kwenye damu hushuka. Ateri yenyewe haizibuki, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Unachopata ni kwenda mbali zaidi kabla ya kubanwa.

Utaratibu wetu ni wa tambarare kwanza, mlima baadaye. Unatembea mpaka maumivu yawe ya wastani, unapumzika yaishe kabisa, unaendelea. Dakika 30 hadi 45 pamoja na mapumziko, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 angalau. Dawa za daktari zinaendelea palepale, na sigara, mzee wangu, hiyo lazima uiache.

Njoo na raba zisizobana na orodha ya dawa zako. Lakini kama mguu unauma usiku umelala, una kidonda kisichopona, au umepoa na kupauka ghafla, usipitie kwetu: nenda moja kwa moja hospitali, leo.