Tahadhari tunayoambiwa tuchukue inauzwa duka gani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu taarifa mliyoichapa wiki iliyopita, ile iliyobeba picha ya wajumbe wamejipanga kwenye ngazi za hoteli baada ya kikao chao cha afya ya jamii na mabadiliko ya tabianchi. Sijaandika gazetini tangu nilipostaafu kazi ya uafisa afya, ambayo mtaani mpaka leo huitwa ubwana afya, kwa kuwa niliona mstaafu akisema sana hudhaniwa anaitamani ofisi aliyoiacha. Taarifa yenu niliisoma kwa utulivu hadi aya ya mwisho, mahali ambapo wananchi waishio mabondeni walitakiwa kuchukua tahadhari. Hapo utulivu ulinitoka.

Nimelisikia neno hilo kila msimu kwa miaka mingi, na bado sijaoneshwa tahadhari yenyewe ina umbo gani. Mamlaka ya Hali ya Hewa siilaumu. Mwezi Agosti 2023 ilitangaza kwamba mvua za vuli za mwaka huo zingezidi wastani kwa sababu ya El Niño, na mvua zikaja kama ilivyosema, zikafuatwa na masika makali, hata tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalieleza Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha. Tangu tangazo lile hadi mvua za vuli kuanza kulikuwa na wiki kadhaa za ardhi kavu, na kwa mtu aliyefanya kazi ya afya mjini wiki za ardhi kavu ni mali. Ndizo wiki za kunyonya vyoo, kuzibua mitaro, kupima maji ya visima, kugawa dawa ya maji na kuzifikishia zahanati dripu na paketi za ORS, ile chumvichumvi ya kumrudishia maji anayeharisha, kabla njia hazijakatika. Mtaani kwetu Kigogo, katika wiki hizo, nilichokiona kikifika ni ujumbe wa simu.

Nikueleze sasa yaliyonipata Aprili ya mwaka 2024, nawe upime mwenyewe. Usiku wa manane, mvua ikiwa imeshika kasi, nilisikia nondo ikigongwa upande wa pili wa ukuta wa uani kwangu. Asiyeishi bondeni anaweza kudhani ni mwizi, lakini sisi wa bonde la Mto Msimbazi tunaijua sauti hiyo: jirani alikuwa anatapisha choo. Maji ya chini kwetu yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo shimo halichimbwi kwenda chini sana, hujengwa kupanda juu, na pembeni huachwa tundu lenye kizibo ambalo huzibuliwa mvua kubwa inaponyesha ili mafuriko yabebe kilichomo. Kilichomo kilibebwa mpaka uani kwangu, kikazunguka kisima kifupi ambacho wapangaji wangu hutumia kuoshea vyombo, kisha kikaendelea na safari yake kuelekea mtoni. Siku ya tatu mjukuu wangu wa miaka sita alianza kuharisha maji matupu hadi macho yakamzama. Nilimkorogea ORS nikamnywesha kijiko kwa kijiko usiku kucha kwa sababu kazi hiyo naijua, na asubuhi nikambeba hadi zahanati, ambako aliongezwa maji na Mungu akamjalia kupona. Kama ulikuwa ugonjwa wa kipindupindu au kitu kingine, sijui hadi leo, kwa kuwa hakuna aliyechukua kinyesi chake kukipima. Nilipokwenda kushtaki, kijana niliyemkuta kwenye ofisi ya serikali ya mtaa aliniamkia vizuri, akaniketisha, kisha akaniambia, "Mzee wangu, mvua ikatike kwanza." Nikaambiwa niandike barua, nakala tatu. Mkaguzi alifika baada ya siku tisa, jua likiwaka, udongo umekauka, akatazama huku na huku na kuniuliza ushahidi uko wapi. Mimi, Mhariri, niliyewafundisha vijana wa kazi hiyo kwamba uchafu wa mvua hukaguliwa wakati wa mvua, nilisimama uani kwangu nikakosa ushahidi!

Jirani huyo nilimkabili, na majibu yake yalinifunga mdomo. Gari la kunyonya majitaka haliingii katika kichochoro chetu, na hata mpira wake ungefika, bei aliyotajiwa ilizidi kodi ya miezi miwili ya chumba kimoja. Wale vijana tunaowaita vyura, wanaoingia shimoni kwa ndoo, nao walikuwa wamepandisha bei kwa sababu kila mtu aliwahitaji kwa wakati mmoja. Ana vyumba vinane na choo kimoja. Kwa hesabu yangu, yeye ndiye pekee katika mtaa wetu aliyeitii ile kauli ya kuchukua tahadhari: aliona choo kitafurika vyumbani mwa wapangaji wake, akakitapisha mapema, ila alikitapishia kwangu.

Isidhaniwe kwamba nakuza jambo dogo. Mwaka 1997, mwaka ulioishia kwa mvua za El Niño ambazo wazee wenzangu hawajazisahau, wagonjwa wa kipindupindu walioripotiwa nchini walizidi 40,000 na waliofariki walizidi 2,000. Agosti 2015 ugonjwa uliibuka tena hapa Dar es Salaam, ukaenea karibu mikoa yote ya Bara na kuvuka bahari hadi Zanzibar. Bondeni kwetu tumefurikiwa mwaka 2011, tukafurikiwa 2014, tukafurikiwa 2018, na wakubwa waliokuja kututazama wakati maji yamejaa wote walivaa buti mpya.

Jambo ambalo kikao chenu cha hotelini hakikuligusa, walau kwa jinsi mlivyoliripoti, ni kwamba balaa halingoji mvua. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua na mgao wa maji ukatangazwa katika jiji hili. Kila nyumba ilijaza madumu, mapipa, ndoo na masufuria ya harusini, mengi yakikaa wazi kwa siku nyingi, na mbu wa dengue hapendi kitu kingine kuliko hicho. Huyu si mbu wa malaria. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii; huzaa katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo, matairi na vifuu; na mayai yake hung'ang'ania ukingo wa chombo yakavumilia ukavu kwa miezi, yakaanguliwa siku maji yanaporudi. Kwa hiyo ukame unamwandalia nyumba na mvua inamfungulia mlango. Mwaka 2014 na tena 2019 dengue ilitupiga hapa mjini, na mwaka huo wa pili nilishuhudia watu wa mtaani wakimeza dawa za malaria kwa homa ambayo kipimo cha malaria kilikuwa kimekwisha kuikana, na wengine wakimeza aspirini, ambayo mgonjwa wa dengue hapaswi kuigusa kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Zamani tulikuwa na kazi ya kuingia uani kwa watu na tochi na upawa, tukichota maji kutafuta viluwiluwi, na mwenye nyumba akikutwa navyo alijieleza. Kati ya mwaka 1988 na 1996, kwa msaada wa Wajapani, Dar es Salaam na Tanga ziliendesha mradi wa kudhibiti malaria mijini, mitaro ikisafishwa kwa mpango. Mwaka 2015 kikazinduliwa kiwanda cha Kibaha kwa utaalamu wa Wacuba, kinachotengeneza dawa itokanayo na bakteria ya kuua viluwiluwi, na miaka miwili baadaye Rais Magufuli akaagiza halmashauri zikainunue. Kibaha si Havana. Ni safari ya asubuhi. Mimi uani kwangu sijamwona mtu na bomba la dawa hiyo, na kila jioni naketi barazani.

Nikiwa bado na kalamu, niseme na hili la mama lishe. Kipindupindu kikizuka, jambo la kwanza linalofanywa kwa haraka, bila barua na bila nakala tatu, ni kuwafukuza mama lishe na wauza matunda ya kukatwa. Gari huja siku hiyo hiyo, meza hupinduliwa, sufuria la maharage humwagwa mtaroni, mtaro ule ule ambao haujazibuliwa. Sikatai kwamba chakula kichafu hueneza ugonjwa. Nimewahi kufunga vibanda kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini mwanamke huyo ananunua maji kwa dumu, anachemsha wali mbele ya macho ya mteja, na hana bomba la kunawia kwa sababu hakuna aliyemvutia. Gari hilo linalomfikia siku hiyo hiyo lingefunga tangi lenye koki na sabuni pale pale anapouzia, lingezuia ugonjwa mwingi kuliko linavyozuia kwa kuvunja meza. Nimeona ajabu kwamba serikali ya mtaa iliyohitaji siku tisa kufika kwangu huhitaji saa mbili kufika kwake.

Najua nitajibiwa kwamba upo Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa mwaka 2022. Naufahamu na nautakia heri. Ila kupanua mto na kujenga daraja ni kazi ya miaka, na masika haijawahi kuahirishwa kusubiri mkandarasi.

Ombi langu kwa wadau ni dogo na lina tarehe. Tarehe 1 Septemba na tarehe 1 Februari kila mwaka, mvua zikiwa bado hazijafika, gari la manispaa liegeshwe barabarani likiwa na mpira wa kufika vichochoroni, na kila mwenye nyumba bondeni anyonyewe choo kwa nusu bei, nusu nyingine ikilipwa na fungu linalonunua fulana na kofia za maadhimisho. Wiki hiyo hiyo mtu wa afya apite na dawa ya Kibaha. Mwenye nyumba atakayekataa nusu bei na baadaye akasikika akigonga nondo usiku, afikishwe mahakamani bila kusubiri jua liwake.

Kama kikao kingine ni lazima, nakikaribisha uani kwangu, siku yoyote ya Aprili ambayo mvua inanyesha. Viti vya plastiki ninavyo kumi na viwili, na chai nitagharamia mwenyewe. Buti kila mjumbe aje na zake.

Bwana Afya Mstaafu,
Kigogo, Dar es Salaam