Magari ya wagonjwa yasijue mipaka

Mhariri,

Wanaolaumu huduma za magari ya wagonjwa za kanda huko Uingereza, kwamba zimekuwa kubwa mno, wanasahau zilikotoka. Sheria ya afya iliyoanza kazi mwaka 1948 ilizitaka halmashauri kutoa magari hayo bila malipo. Jambo jema, lakini kila halmashauri ilikuwa na magari yake, madereva wake na mipaka yake. London peke yake ilibidi iunganishe huduma tisa mwaka 1965 ili ipate moja. Mwaka 1974 kazi hiyo ikaondolewa mikononi mwa halmashauri ikapewa mamlaka za afya, na mwaka 2006 England ikaziunganisha tena kuwa za kanda. Leo ziko kumi, ukiacha kisiwa cha Wight.

Mimi naunga mkono kanda. Mgonjwa wa moyo hahitaji gari la wilaya yake, anahitaji gari lililo karibu naye, na chumba kimoja cha kupokea simu ndicho kinachoweza kuliona na kulituma.

Lakini ukubwa hauponyi kila kitu. Gari likikwama saa nzima mlangoni mwa hospitali kwa sababu ndani hakuna kitanda, kanda nzima imepungukiwa gari moja. (Wahudumu ndio hutukanwa, na hilo linaniuma.) Basi lawama zielekezwe huko: kwenye vitanda, na kwenye huduma za kuwatunza wazee nyumbani ili wanaopona waruhusiwe mapema.

Msomaji wenu