Kabla hujairudisha tanzanite kwa mchongaji

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuhusu tanzanite zinazoletwa kwetu Arusha zichongwe upya ili ziwake. Wauzaji wengi wanaamini jiwe lolote lililozubaa hutengenezeka. Si kweli, na wapo wanaoharibu mali yao wenyewe.

Lipime jiwe kwa gazeti hili hili. Liweke juu ya maandishi, uso ukiangalia juu, kisha litazame kwa wima. Herufi zikisomeka katikati, jiwe lina dirisha: mwanga unaingia juu na kuvujia chini badala ya kurudi machoni. Kwa tanzanite hali hiyo hutokea pembe ya upande wa chini ikiwa ndogo kuliko nyuzi 36 hivi, ndiyo maana mchongaji makini hukata kwenye nyuzi 40 hadi 42. Ukiisimamisha sana hadi kukaribia 50, katikati panakuwa peusi.

Sasa piga hesabu. Jiwe la duara la milimita 8 lililokatwa kwa nyuzi 35 lina kina cha milimita 2.8 chini ya kiuno, yaani ukingo wake mpana kuliko kwingine. Kina hakiongezeki, ukitaka nyuzi 41 lazima upunguze upana, na jiwe linabaki milimita 6.4. Uzito wa karati 1.6 (karati moja ni gramu 0.2) unashuka hadi 1 hivi. Tena jiwe likiwa dogo rangi nayo hupauka. Kwa jiwe jembamba lenye rangi hafifu, sisi tunashauri liachwe lilivyo.

Yapo yanayolipa. Jiwe lenye kiuno kinene na tumbo, yaani upande wa chini, lililofutuka lina uzito usiotoa mwanga wowote. Hilo lichongwe bila kusita. Vilevile jiwe la pete lililochakaa uso: ugumu wa tanzanite ni 6 hadi 6.5, na vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, hivyo kulifuta kila siku kwa kitambaa kikavu ni kulikwaruza. Hapo husagwa uso wa juu peke yake, na uzito unaopotea ni kidogo sana.

Kazini, adui ni joto la ghafla na ule upande ambao tanzanite hupasukia kirahisi. Usiligandishe jiwe kwenye kijiti cha kulishikia kwa nta ya kuyeyusha motoni. Tumia gundi ya epoksi na uiache ikauke usiku kucha. Anza na bamba la kusagia namba 600, siyo 260, kwa sababu namba ndogo ina chembe kubwa, nazo huacha nyufa zinazozama ndani. Fuata 1200, kisha 3000, umalizie kwa unga wa almasi namba 50,000. Uso ukigoma kung'aa na kubanduka vipande vidogo vidogo, umelala sambamba na ule upande wa kupasukia: uinamishe nyuzi chache. Kukandamiza zaidi kutalipasua.

Dirisha mara nyingi huzaliwa siku ya kwanza, pale mchongaji anapolipwa kwa karati zilizobaki. Anatandaza jiwe ili aokoe uzito. Tunawaomba wanunuzi na madalali, kuanzia machimboni Mirerani hadi Arusha, waandike pembe na upana kwenye risiti pamoja na uzito, na wakatae kulipa bei kamili ya karati kwa jiwe linalosomeka gazeti.

Wachongaji vito,
Arusha